Jezi Iliyotundikwa Karakana

Karakana, Machi 3

Mwanangu mama,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wanaojifungua mikononi mwako. Huku hatujambo, isipokuwa mimi naumwa kichwa kwa sababu ya jezi.

Yule dereva aliyekuwa namba kumi wetu amehamishiwa njia ya mbali na kampuni yake. Ametuaga jana. Amenirudishia jezi imefuliwa na kupigwa pasi, nikaitundika kwenye msumari juu ya meza ya randa, na sasa kila nikiinua macho inaniangalia. Unajua mwenyewe raga yetu. Kumi ndiye anayepokea mpira watu wakiwa bado wanakanyagana, na papo hapo aamue: aupige, aupitishe au akimbie nao. Wengine wote wanamfuata. Mwisho wa mwezi tunacheza mechi ya mwisho na wale vigogo wa kiwanda cha saruji. Tukitoka sare tunabaki daraja la kwanza. Tukifungwa tunashuka, na timu niliyoianza na mpira mmoja wenye kiraka itaenda kucheza na vijana wa sekondari.

Ninao wawili. Wa kwanza ni Fundi Saa, yule kijana wa kibanda cha vioo pembeni ya posta, ambaye nimekuwa nikimchezesha nyuma kabisa. Mama, yule kijana ana mikono. Mpira ukitoka kwake unakukuta kifuani hata kama ulikuwa hujauomba, na mguu wake ndio usiseme. Lakini haongei. Mwenzake akidondosha mpira, ananuna, anaangalia majani, na timu nzima inapoa pamoja naye.

Wa pili ni mumeo, Kipaza wetu. Mikono yake ni ya kawaida, na mguu wake hauna adabu. Jirani yetu, ambaye ua wake unapakana na uwanja, ana mipira yetu mitatu na anakataa kuirudisha. Lakini Kipaza akifungua mdomo, watu kumi na wanne wanageuka. Mtu anayeweza kunadi kabati lisilo na mlango mpaka wanunuzi wakashikana mashati, huyo ana kipaji chake. Tukiwa nyuma kwa pointi, ni yeye anayetuinua.

Wewe umewaona wote wawili wakicheza. Niambie. Nikimpa mumeo, watasema mzee kampa mkwe wake. Nikimnyima, watasema mzee hampendi mkwe wake. Na usimwambie kwamba nimekuuliza. Yuko hapa upande wa pili wa meza, naye anaandika, sijui anamwandikia nani.

Ni mimi baba yako.


Nyumbani, Machi 3

Mke wangu,

Baba anaandika barua na mimi naandika barua, na meza ni moja, maana karakana yake na nyumba ni paa moja. Kila akiinua kichwa nami nainamisha changu. Ukituona ungecheka mpaka ukae chini.

Tangu dereva aage, Baba haniangalii usoni. Anasema, "Nipitishie chumvi," halafu anaiangalia chumvi. Najua anawaza jezi. Mimi nami nawaza jezi. Lakini mkwe atamuulizaje mzee, "Eti, utanipa?" Nina mdomo, nakubali, ila sina mdomo wa namna hiyo.

Sasa nikwambie lililo moyoni. Nilikuahidi kwamba msimu ukiisha nafunga virago nakuja kuishi na wewe huko, na miaka miwili hii ya kuandikiana iishe. Ahadi iko palepale. Ila miaka yote nimevaa kumi na mbili, nasimama bega kwa bega na kumi, naona kila anachokiona, na uamuzi si wangu. Nikipewa kumi, nakuomba msimu mmoja tu zaidi. Nikikosa, nakuja na gari la kwanza la dawa, hilo linalobeba barua zetu, baada ya mechi, na sitanung'unika.

Usimwambie Baba habari hii. Ataona namtegea mtego.

Mumeo, Kipaza.


Zahanati, Machi 9

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko salama. Hilo la jezi naomba uniondoe. Nina sababu zangu, na sababu zangu zisiingie uwanjani. Amua unavyoona wewe.

Binti yako.


Zahanati, Machi 9

Mume wangu,

Nimekuelewa. Ukipewa, baki. Sitaki uje huku na mwili, halafu roho ibaki inakimbia huko uwanjani.

Mtandao bado haushiki hata ukipanda juu ya tangi la maji, kwa hiyo tutaendelea kulitegemea gari la dawa. Nyumba ya wafanyakazi waliyonipa ina vyumba viwili. Kimoja nimeweka kitanda, kingine kina mwangwi. Soko la hapa halina mnadi, watu wanauziana kimyakimya kama wanaibiana. Nilinunua vikombe viwili, muuzaji aligoma kutenganisha.

Sina zaidi. Kula vizuri, na umpunguzie Baba chumvi.

Mkeo.


Karakana, Machi 14

Mwanangu,

Barua yako imenikata maini. Mistari minne! Hata fundi bomba akiniandikia kunidai huwa ananiuliza mgongo wangu unaendeleaje.

Nimekaa nayo, nimeigeuza, nimeielewa. Umekasirika. Unaona baba yako amekaa na mumeo nyumba moja, anakula naye, anaazima jembe lake, halafu anasitasita kumpa kitu ambacho kila mtu anaona ni chake. Una haki. Damu nzito kuliko maji, na ndoa nayo siku hizi ni damu.

Basi nimempa. Jana tulicheza mechi ya kujipima, nikamvalisha jezi ya kumi mbele ya wote. Nikwambie ukweli ulivyo: alipoita, watu wote walikimbia kama mtu mmoja. Shida ni kwamba walikimbia upande usio na mpira. Sijawahi kuona timu inakosea kwa umoja namna ile. Tulifungwa, tukatoka tunaimba. Fundi Saa nilimweka benchi, akakaa anasafisha miwani yake.

Lakini timu ikishuka daraja ikiwa na umoja, si vibaya sana. Na wewe utakuwa umefurahi. Niandikie basi, angalau mistari mitano.

Baba yako.


Nyumbani, Machi 15

Mke wangu,

Nimepewa. Nilidhani nikikuandikia sentensi hiyo nitakuwa nacheka.

Baba alinivalisha jezi bila kuniangalia, kama mtu anayelipa faini. Wenzangu wakapiga makofi. Halafu mpira ukaanza kunijia, na nikagundua jambo moja: kutoka kumi na mbili nilikuwa naona kila kitu kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine aliyeshika mpira. Ukiwa nao mkononi, na lijitu la kilo mia na ishirini linakuja, unaona kifua chake tu. Nilipiga kelele ili nisiogope. Watu wakadhani ni maelekezo.

Asubuhi nilipita kibandani kwa Fundi Saa, nimpe pole. Alikuwa ameinamia saa ya mtu, kioo kimebanwa jichoni. Nikamwambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye mwenye kipaji." Hakuinua kichwa. Akasema, "Kaka, mimi wakinipa mpira najua la kufanya. Wakiniangalia usoni ndio sijui." Basi. Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Nimepewa kwa ukwe, mke wangu, na ninajua. Lakini jezi nimeipokea mbele ya watu, nitairudisha vipi bila kumvunjia Baba heshima? Kwa hiyo nabaki. Msimu mmoja. Unisamehe.

Kipaza.


Zahanati, Machi 19

Kwa Baba na kwa mume wangu, barua moja,

Ikae mezani, muisome wote wawili kwa pamoja. Kipaza ndiye asome kwa sauti, kwa sababu Baba utaruka mistari usiyoipenda.

Nyinyi wanaume wawili mnakaa umbali wa bakuli la mboga. Kila mmoja ananiuliza mimi anachowaza mwenzake, na ananikataza nisimwambie. Barua inapanda gari, inavuka mto, inakaa na chanjo kwenye barafu, inanifikia, najibu, inarudi njia hiyohiyo ili ifike upande wa pili wa meza. Chumvi mnapitishiana bila gari. Na haya pitishianeni.

Baba, sikukasirika. Nilikataa kukushauri kwa sababu nina upande. Mume wangu aliniandikia kwamba akikosa jezi anahamia huku kwangu, akipata anabaki msimu mwingine. Sasa ungeniuliza mimi nani achezeshe, ningekujibuje? Kila sababu nzuri ya kumsifia Fundi Saa ilinijia yenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka nikajiogopa. Nataka mume wangu aje. Nalala nataka, naamka nataka. Ndiyo maana nilinyamaza. Ukaenda ukampa jezi ili kunifurahisha, na mimi nililia siku ile mpaka muuguzi mkuu akanipima homa.

Mume wangu, Baba hakukupa kama faini. Alikupa akidhani ananiponya mimi.

Sasa naomba nishauri, na ushauri wenyewe haunisaidii kitu. Hapa kwenye chumba cha kujifungulia mimi ndiye mwenye mikono. Mwanzoni nilitaka niwe na mdomo pia, nivute na nihubiri. Mama mmoja, katikati ya uchungu, akaniambia, "Binti, chagua, unanisaidia au unanihutubia?" Tangu siku hiyo muuguzi mkuu anakaa upande wa kichwa, anamshika mama mkono, anaongea. Mimi nikiona ni wakati, namgusa kwa kiwiko tu, yeye anasema, "Sukuma." Mama anasikia sauti anayoiamini, na mikono inafanya kazi bila woga. Watoto wanatoka. Hawaulizi nani kiongozi.

Baba, ulikuwa unatafuta mtu mmoja kwa sababu yule dereva alikuwa na vyote viwili. Wenye vyote viwili ni wachache, na huyo mmoja amehamishwa. Mpe kumi Fundi Saa. Kipaza arudi kumi na mbili, abebe sauti ya wote wawili. Kiwiko tu.

Ndiyo, najua maana yake. Akiwa ndiye sauti, mtamhitaji msimu ujao pia. Andikeni mniambie.

Binti na mke.


Karakana, Machi 22

Mama,

Tumeisoma. Alipofika pale kwenye "nalala nataka, naamka nataka," sauti yake ilishuka ikawa ya mtu wa kawaida. Nimeishi na Kipaza miaka miwili, sikujua kama ana sauti hiyo. Nikaangalia dirishani kidogo, naye akaangalia upande wake.

Halafu nikasema, "Nipitishie chumvi." Akanipitishia. Nikamwangalia usoni, nikamwambia, "Mwanangu, mguu wako ni mbaya sana." Akasema, "Baba, nilikuwa nangoja mtu aniambie." Tukacheka mpaka jirani yule mwizi wa mipira akachungulia ukutani.

Tuliitoa jezi msumarini, tukaenda nayo kibandani sisi wawili. Fundi Saa alidhani tunaleta saa. Mumeo ndiye aliyemvalisha, na aliongea peke yake kwa wote watatu. Mazoezini wameanza na hilo neno lako la kiwiko, na mbavu za mumeo zina alama. Kila Fundi Saa akiona njia, anamchoma, na Kipaza anapaza. Washambuliaji wetu wanasikia sauti waliyoizoea, wanakimbia, na mpira unawakuta. Ila mwenzake akidondosha bado kijana ananuna. Hilo sijalipatia dawa.

Mumeo amesema mechi ipite kwanza, mengine baadaye. Sikumsukuma. Timu ni yangu, na wewe ni wangu pia, na bado sijui nitaomba nini.

Baba yako.


Kibandani, Machi 23

Shemeji,

Kaka Kipaza amesema nikuandikie. Anasema ni mazoezi ya kusema. Sijui niseme nini.

Saa yako uliyoiacha ukiondoka nimeitengeneza. Ilikuwa na nywele ndani. Inakwenda vizuri.

Kaka anasema nikinuna, timu inaona. Nilikuwa sijui kama wananiangalia. Kwenye saa hakuna anayekuangalia. Anasema nijaribu hata neno moja, lolote. Nimemuuliza neno gani, akasema litakuja lenyewe. Bado halijaja.

Mechi ni Jumapili ijayo. Utuombee.

Fundi Saa.


Karakana, Machi 31

Mama yangu,

Nimeandika kwa haraka, usijali mwandiko. Jana tumetoka sare. Umeisoma vizuri: sare. Tumebaki daraja la kwanza.

Wale wa saruji ni watu wakubwa, na kipindi cha kwanza walitupanga kama matofali. Lakini kiwiko kilifanya kazi, na kufika dakika za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi tano tu. Hapo kibonge wetu wa mbele, yule muuza mkaa, akadondosha mpira ulionyooka kabisa. Nikamwangalia Fundi Saa, nikajua sasa hivi anazimika. Akasimama. Akasafisha miwani, maana anacheza na miwani ya kamba siku hizi. Halafu akaenda kwa muuza mkaa na kumpiga begani. Na aliliangalia lile jitu usoni.

Tukaurudisha mpira. Vurumai katikati, dakika hamna tena. Mumeo akaanza kuita mpira uende kulia, "Kulia! Kulia wote!" na kulia kweli palionekana wazi. Wote wakaelekea kulia, wetu na wa saruji. Mpira ukatoka ukaja kwa Fundi Saa. Na hapo, mama, nilisikia kwa masikio yangu nikiwa pembeni ya uwanja. Yule kijana alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba bisibisi, "Kaka, nyamaza."

Na mkwe wangu akanyamaza.

Mtu ambaye hata usingizini ananadi. Sauti ya timu, mbele ya uwanja mzima, ameambiwa anyamaze na kijana wa kibanda cha vioo. Angeweza kukasirika, angeweza kuuliza kwa nini, na nusu sekunde ile ndiyo ingetumaliza. Akafunga mdomo na kuendelea kukimbia kulia, kama aliyetumwa, akaondoka na walinzi wao wawili. Fundi Saa akaupiga mpira juu, kushoto, ambako hakuna aliyekuwa akiangalia isipokuwa yule mwembamba wetu wa pembeni. Akaudaka, akaulaza chini kwenye kona. Trai, pointi tano. Tano kwa tano zikafutana.

Palibaki teke la nyongeza, ambalo lingetupa ushindi. Fundi Saa akalipiga kutoka pembeni kabisa, likagonga nguzo, likarudi. Nikafumba macho. Nilipofumbua, kijana alikuwa amekaa chini anacheka, na timu nzima iko juu yake.

Nimekuwa nikitafuta kiongozi kwa kusikiliza sauti. Nimemwona jana akiwa kimya. Na nimemwona wa pili siku hiyohiyo, akisema maneno mawili tu. Baba yako alidhani anachagua mmoja.

Mumeo yuko ndani, anatafuta sanduku. Amenikataza nisikwambie zaidi ya hapo, na safari hii nakubali kukatazwa. Nimemtengenezea mlango mpya wa lile kabati lililogombaniwa mpaka likakosa mnunuzi. Nitabaki na meza nzima, na chumvi nitaifuata mwenyewe. Fundi Saa amesema atakuja kula Jumapili. Hatutaongea sana, lakini tutakula.

Baba yako anayekupenda.


Ndani ya gari la dawa, Aprili 5

Mke wangu,

Naandika juu ya boksi la chanjo, ukiona herufi zinaruka, lawama ni za barabara.

Nilipoambiwa "nyamaza" kwanza niliona aibu, sikufichi. Halafu mpira ukapita juu ya kichwa changu kuelekea kushoto, nikauangalia unavyokwenda, nikahisi mzigo mmoja mkubwa unanitoka mgongoni. Nilikuwa nadhani nikinyamaza timu itakufa. Nilinyamaza, ikapona. Kijana ameshapata neno lake la kwanza, mengine yatafuata. Kumi na mbili atavaa muuza mkaa, kasauti anako. Hawanihitaji tena kama zamani, na sijawahi kufurahi hivi kwa kutohitajika.

Baba alinisindikiza mpaka garini. Alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, huko ongea." Akageuka haraka, akajifanya anakagua tairi.

Saa yako ninayo, nimeivaa. Kabati lipo juu ya gari, limefungwa kamba, lina mlango. Soko lenu la kimyakimya lijiandae.

Dereva amekubali tufanye hivi: sitashuka napiga kelele. Nitakupa barua hii mkononi, kama mpeleka barua, halafu nitasimama mbele yako bila kusema neno mpaka uimalize. Kwa hiyo kama umefika hapa, mimi ndiye huyu. Muuguzi mkuu bila shaka anaangalia. Sanduku liko miguuni.

Nimejitahidi, mke wangu, lakini nina mipaka. Inua macho uniambie niseme.

Mumeo.